Lancing: Kijiji cha watu 18,000 kilichobanwa kati ya kilima na bahari

Mashabiki wa Ligi Kuu ya England walioko Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura wanaijua Brighton and Hove Albion kwa jezi yake ya mistari ya bluu na nyeupe, na kwa ujanja wake wa kusajili vijana wasiojulikana kisha kuwauza kwa fedha nyingi. Yves Bissouma wa Mali alipita pale. Percy Tau wa Afrika Kusini alipita pale, na Carlos Baleba wa Cameroon alisajiliwa pale. Alexis Mac Allister alikuwa mchezaji wa klabu hiyo alipotwaa Kombe la Dunia na Argentina kule Qatar mwaka 2022.

Jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui ni kwamba kazi ya kila siku ya klabu hiyo haifanyiki mjini Brighton. Tangu mwaka 2014 viwanja vyake vya mazoezi viko Lancing, kijiji cha pwani katika jimbo la West Sussex, ng'ambo ya Mto Adur. Wachezaji wanaolipwa mamilioni wanaamka asubuhi na kwenda kijijini.

Lakini kijiji hicho si cha kawaida. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wakazi 18,810. Kina kituo cha treni, eneo la viwanda, barabara kuu mbili zinazokikata, na ndani ya mipaka yake kuna uwanja wa ndege wenye historia ndefu. Kwa hesabu za baadhi ya watu ndicho kijiji kikubwa kuliko vyote England, sifa ambayo vijiji vingine kadhaa nchini humo navyo vinaigombea.

Serikali ya Uingereza ilipofanya sensa yake ya kwanza mwaka 1801, watu wa Lancing walihesabika kwa mamia tu. Waliokuja kuwafanya kuwa maelfu hawakuzaliwa pale. Waliletwa na reli, na nyanya, na karakana, na jua, na hamu ya kuishi karibu na maji. Kila kundi lilipofika lilikuta ukanda uleule mwembamba wa ardhi, na likachukua kipande chake. Historia ya watu wa Lancing ni historia ya ukanda huo kujaa.

Ukanda unaonyongwa

Ukiitazama ramani ya Sussex utaona upande wa kaskazini safu ya vilima vya mwamba wa chaki, South Downs, na upande wa kusini bahari nyembamba inayoitenganisha Uingereza na Ufaransa. Katikati yake kuna tambarare ya pwani. Kule magharibi, karibu na mji wa Chichester, tambarare hiyo ni pana na mkulima ana nafasi ya kutosha. Kadiri unavyokwenda mashariki vilima vinasogea baharini, hadi unapofika Brighton tambarare imekwisha na chaki inaangukia majini kwa magenge meupe.

Lancing iko karibu na mwisho wa tambarare hiyo, mahali inapoanza kunyongwa. Kutoka kanisa la kale la North Lancing, chini ya kilima, hadi ufukweni ni kama kilomita mbili tu. Upande wa magharibi kijiji kimegusana na jirani yake Sompting, na mbele kidogo uko mji wa Worthing. Upande wa mashariki kuna bonde la Mto Adur, na ng'ambo ya mto ni mji wa Shoreham-by-Sea. Eneo lote la kijiji halifiki kilomita za mraba 10, na sehemu yake kubwa ni mteremko wa kilima au ardhi ya majimaji isiyojengeka kirahisi.

Juu ya kijiji kuna Lancing Ring, kilele chenye kichaka cha miti, nyasi fupi za kondoo na mandhari ya bahari yote. Watu wa kale walipapenda. Mwaka 1828 yalichimbuliwa karibu na hapo mabaki ya hekalu la zama za Warumi, ushahidi kwamba watu walikuwa wakipanda kilima kile kuabudu kabla Ukristo haujaenea katika kisiwa hicho.

Makazi yenyewe yalianza chini ya kilima, mahali penye maji safi yanayotoka kwenye chaki na palipo mbali na mawimbi. Hiyo ndiyo North Lancing, yenye kanisa la Mtakatifu Yakobo Mdogo lililojengwa katika zama za kati kwa mawe magumu ya gumegume, yale yanayookotwa katika mashamba ya pale. Mpangilio wa uchumi ulifuata sura ya nchi: kondoo walilishwa kilimani, nafaka zililimwa kwenye udongo mzuri wa tambarare, na chumvi ilipatikana bondeni. Kondoo wenyewe wana sifa. Aina ya Southdown, iliyoboreshwa katika vilima hivyohivyo na mfugaji John Ellman wa Glynde, ilisambazwa hadi Australia na New Zealand.

Kwa hiyo mwenyeji wa kale alijenga akiipa bahari mgongo. Wazo la kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kutaka kulala mita chache kutoka mawimbini lilikuja baadaye sana.

Mto usiotulia

Bonde la Adur la leo, lenye malisho, halifanani na lile la karne ya kumi na moja. Wakati ule lilikuwa mkono mpana wa bahari. Maji yalipojaa yalipanda ndani hadi Bramber na Steyning, na vyombo vilifika huko kupakia na kupakua. Kitabu cha Domesday, ile hesabu kuu ya mali aliyoiamuru Mfalme William mwaka 1086, kinaitaja Lancing, na bwana mkubwa wa sehemu ile alikuwa William de Braose, aliyejenga ngome yake Bramber ili aushike mto.

Kando ya mkono huo wa bahari watu walipika chumvi. Walikusanya tope lililokolea chumvi, wakalichuja kwa maji, kisha wakachemsha maji hayo hadi yakauke. Taka za kazi hiyo ziliacha vichuguu ambavyo bado vinaonekana katika bonde la Adur. Hata majina ya mashamba ya pale, kama New Salts Farm, yanabeba kumbukumbu ya biashara hiyo.

Kisha mto ulijaa tope, watu wakajenga matuta kuzuia maji ya bahari, na kinamasi kikageuzwa malisho. Bandari za ndani zilikufa. Pembezoni mwa bahari nako hapakutulia. Pepo za pwani ile huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi, na mawimbi yake husukuma kokoto kwenda mashariki mwaka baada ya mwaka. Kokoto hizo zilijenga ulimi mrefu mbele ya mdomo wa Adur, na mdomo ukalazimika kuhama kuelekea mashariki, kilomita kadhaa kutoka ulipokuwa. Wafanyabiashara wa Shoreham walihangaika na mlango huo unaotembea mpaka mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa ulipochimbwa na kujengewa kuta, ukabaki mahali pamoja.

Upande wa Lancing, mabadiliko hayo yaliacha alama inayoonekana hadi leo. Widewater ni bwawa refu jembamba lililojitenga na bahari kwa ukuta wa kokoto. Hapo zamani palikuwa sehemu ya njia ya mto. Maji yake si matamu wala si ya bahari kamili: ya bahari hupenya chini ya kokoto, ya mvua huingia kutoka juu. Viumbe wachache wanaoweza kuvumilia hali hiyo wanastawi. Mmoja wao alijulikana hapo tu na si kwingine duniani, anemoni mdogo wa matopeni aliyepewa na wanasayansi jina la Edwardsia ivelli katika miaka ya 1970. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1983, na wataalamu wanahofia kwamba ametoweka.

Yote haya yanamhusu mjenzi wa nyumba. Robo ya mashariki ya Lancing, kuelekea mtoni, ni ardhi ambayo bahari iliiachia jana tu kwa saa ya jiolojia. Iko chini, maji yake ya ardhini yako karibu na uso, na mifereji yake hutegemea kupwa kwa bahari ili imwage maji. Karne kwa karne watu waliiachia ng'ombe. Tutaona jinsi subira hiyo ilivyokwisha.

Treni ya 1845

Kabla ya reli, kufika Lancing kutoka mashariki kulimaanisha kuvuka Adur. Daraja la mbao lilijengwa Old Shoreham katika miaka ya 1781 na 1782, na kila aliyevuka na mkokoteni au mifugo alilipa ushuru. Daraja hilo lilibeba magari hadi mwaka 1970. Bado limesimama, likitumiwa na waenda kwa miguu na baiskeli.

Novemba 1845 reli iliyokuwa imeishia Shoreham iliongezwa hadi Worthing, na Lancing ikapata kituo. Wahandisi walichagua njia rahisi: tambarare, katikati ya kilima na bahari. Kwa kufanya hivyo walikigawa kijiji. North Lancing ikabaki na kanisa, mashamba na majumba yake ya mawe. Vibanda vilivyokuwa South Lancing, karibu na ufuko, vikajikuta jirani ya kituo. Kuanzia hapo uzito wa kijiji ulihamia kusini. Maduka yalifuata kituo, nyumba za kupangisha wageni zikafuata maduka.

Wageni wenyewe hawakuwa wa hadhi ya Brighton. Brighton ilikuwa na jumba la mfalme na dansi usiku kucha. Lancing ilipokea familia zilizotaka hewa ya bahari bila kelele na bila gharama. Jina lake hata hivyo lilifika kwenye majukwaa ya London kwa njia ya pembeni. Mwaka 1894 mwandishi Oscar Wilde alikaa Worthing akiandika tamthilia yake maarufu kuliko zote, The Importance of Being Earnest. Mhusika wake mkuu alimpa jina la Worthing. Na ili kuficha jina halisi la tamthilia kabla haijaoneshwa, rasimu yake aliipa jina la muda: Lady Lancing.

Faida kubwa ya reli lakini haikuwa watalii. Ilikuwa mboga na matunda. Udongo wa tambarare ile ni mwepesi na wenye rutuba, na pwani ya Sussex ni miongoni mwa sehemu zinazopata jua jingi zaidi Uingereza. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa wakulima wa Worthing na vijiji vyake walianza kujenga mabanda ya vioo yaliyopashwa joto kwa makaa, wakapanda zabibu, nyanya na matango. Mazao yalichumwa, yakapakiwa kwenye mabehewa, na kufika masoko ya London yakiwa bado na ubichi wake. Mtu aliyesimama Lancing Ring siku ya jua katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini aliona tambarare ikimetameta vioo.

Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi mwaka mzima, kupalilia, kufunga miche, kuchuma na kuweka kwenye masanduku. Kibarua wa shamba aliyekuwa na kazi msimu mmoja sasa alipata ya misimu minne, na sababu ya kuhama ikapungua. Sababu ya kuhamia ikaongezeka.

Mabehewa na ndege

Kisha vikaja vitu viwili vilivyoipa Lancing sura ambayo kijiji cha kilimo hakiwezi kuwa nayo.

Cha kwanza ni karakana ya mabehewa. Kampuni ya reli ya London, Brighton na Pwani ya Kusini ilikuwa na karakana kuu mjini Brighton, lakini palikuwa pamebanana mno kujengea injini na mabehewa kwa pamoja. Ikatafuta ardhi tambarare, ya bei nafuu, pembeni ya reli. Ikaipata Lancing. Kuanzia mwaka 1911 hadi 1965 mabehewa ya treni za kusini mwa England yalitengenezwa na kukarabatiwa hapo.

Mafundi wengi waliendelea kuishi Brighton, na treni maalumu ikawaleta asubuhi na kuwarudisha jioni. Hilo lilipunguza kasi ya kijiji kujaa. Hata hivyo, mafundi waliochoka na safari walijenga au kupanga karibu, na watoto wa wakulima wa nyanya wakapata mahali pa kujifunza useremala, uhunzi na upakaji rangi. Karakana ilipofungwa mwaka 1965, wakati reli ya Uingereza ikipunguzwa, majengo yake hayakubaki gofu. Eneo liligeuzwa kuwa mtaa wa viwanda vidogo, Churchill Industrial Estate, ambao hadi leo unatoa ajira.

Cha pili ni uwanja wa ndege. Watu wengi huuita wa Shoreham, na jina lake la biashara siku hizi ni Brighton City Airport, lakini ardhi yake iko upande wa Lancing wa mto. Mchoraji aitwaye Harold Piffard alijaribu ndege yake hapo mwaka 1910, na uwanja ukafunguliwa rasmi Juni 1911. Mwezi uliofuata rubani Horatio Barber alibeba sanduku la taa za umeme kutoka hapo hadi Hove, safari fupi ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya kusafirisha shehena kwa ndege Uingereza. Jengo la abiria la mwaka 1936, jeupe na la mistari ya kisasa ya enzi zile, sasa linalindwa kisheria kama urithi wa taifa.

Uwanja huo pia unakumbukwa kwa msiba. Tarehe 22 Agosti 2015, wakati wa maonesho ya ndege, ndege ya zamani ya kivita aina ya Hawker Hunter iliangukia barabara ya A27 na kuua watu 11. Kumbukumbu yao imejengwa kando ya Adur, jirani na lile daraja la mbao.

Nyumba za chini zinafika

Mlipuko wa watu haukuletwa na karakana wala ndege. Uliletwa na nyumba ndogo ya chini yenye bustani.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya mazao ilianguka, na wenye mashamba kusini mwa England waliona kwamba ekari moja ikikatwa viwanja inalipa kuliko ikilimwa ngano. Wakati huohuo karani wa London, fundi aliyestaafu na mjane mwenye pensheni waligundua kwamba wanaweza kumiliki kijumba karibu na bahari. Sheria za mipango miji zilikuwa hafifu. Kule Shoreham Beach, kwenye ule ulimi wa kokoto mbele ya mto, tangu kabla ya vita watu walikuwa wakivuta mabehewa chakavu ya treni hadi juu ya kokoto, wakiyaezeka na kuyafanya nyumba. Mtaa huo ukaitwa Bungalow Town, ukapata hata kituo chake cha treni. Ladha hiyo hiyo ya maisha ilitambaa hadi kwenye ufuko wa Lancing na kandokando ya Widewater.

Mwaka 1940, Ujerumani ilipofika upande wa pili wa bahari, sherehe ilisimama. Fukwe zilifungwa kwa seng'enge na mabomu ya kutegwa, na nyumba nyingi za Bungalow Town zikabomolewa ili askari wapate nafasi ya kulenga adui. Wanafunzi wa Lancing College, shule ya bweni iliyoko kilimani, walihamishiwa Shropshire, na majengo yao yakachukuliwa na jeshi la majini kufunzia maofisa.

Amani iliporudi, mahitaji ya nyumba yalikuwa makubwa kuliko wakati wowote. Sheria mpya ya mipango ya mwaka 1947 ilikomesha ujenzi wa kiholela, lakini haikukomesha ujenzi. Katika miaka ya 1950 na 1960 mabanda ya vioo yalianza kung'olewa moja baada ya jingine, na palipokuwa na nyanya pakaota mitaa. Mtaa wa Mash Barn ulienea kuelekea ile ardhi ya chini ya mashariki iliyokuwa ya ng'ombe. Katika muda wa kizazi kimoja kijiji cha wakulima wa mboga kikawa makazi ya watu wanaofanya kazi kwingine.

Mwaka 1974 serikali za mitaa zilipopangwa upya, Lancing iliondolewa katika wilaya ya vijijini ya Worthing na kuwekwa katika wilaya mpya, iliyopewa jina la mto: Adur. Watakwimu nao walikuwa na mtazamo wao. Kwao Lancing, Shoreham, Worthing, Brighton na Littlehampton ni mfululizo mmoja wa majengo usiokatika, ambao sensa ya 2011 iliukuta na watu karibu 475,000.

Waliojaza mitaa hiyo walikuwa wa aina mbili. Kuna wafanyakazi wanaopanda treni kwenda Brighton au London, na kuna wastaafu. Wilaya ya Adur, kama pwani nyingi za kusini, ina sehemu kubwa ya wazee kuliko wastani wa nchi. Mzee akiuza nyumba yake London, ananunua ya chini hapa na kubakiwa na akiba. Kwa hiyo idadi ya watu huongezeka hata pale vifo vinapokuwa vingi, kwa sababu mlango wa kuingilia hauachi kufunguliwa. Kijana aliyezaliwa hapo ndiye anayeumia, maana anashindana kununua nyumba na mtu aliyeingia na fedha za jiji.

Askofu wa Masasi alisoma hapa

Kilimani, juu ya bonde la Adur, limesimama jengo linaloonekana kutoka pande zote za kijiji. Ni kanisa la Lancing College, shule iliyoanzishwa na kasisi Nathaniel Woodard mwaka 1848 mjini Shoreham na kuhamia kilimani mwaka 1857. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mwaka 1868. Kazi ilichukua vizazi. Dirisha lake la waridi, kubwa kuliko yote ya aina hiyo England, lilikamilika mwaka 1978, na ukumbi wa mlango wa magharibi ulimalizika mwaka 2022, zaidi ya karne moja na nusu baada ya kuanza.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kulijua kanisa hilo. Trevor Huddleston alisoma katika shule hiyo. Baadaye akawa kasisi wa Kianglikana katika Sophiatown, Johannesburg, akapambana na ubaguzi wa rangi mpaka wakubwa wake wa shirika wakamwita arudi England. Tarehe 26 Juni 1959, mjini London, alisimama jukwaa moja na Julius Nyerere kuzindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, kampeni iliyozaa vuguvugu la kimataifa la kupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata akawa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika, na akakaa hadi 1968. Alikuwapo nchi ilipopata uhuru, na alikuwapo Azimio la Arusha lilipotangazwa.

Mwaka 2007 Askofu Mkuu Desmond Tutu, ambaye akiwa mtoto alimfahamu Huddleston kule Afrika Kusini, alisafiri hadi Lancing kuweka wakfu dirisha la kanisa lenye kumbukumbu yake.

Shule hiyo ya bweni ya wenye uwezo na kijiji kilichoko chini yake ni dunia mbili zinazopishana. Lakini kwa upande mmoja shule imekisaidia kijiji bila kukusudia. Ardhi yake kubwa ya kilimani haikuuzwa viwanja. Kisha mwaka 2010 Hifadhi ya Taifa ya South Downs ilipoanzishwa, mteremko wa kaskazini uliwekewa ulinzi wa kisheria. Mpaka wa juu wa Lancing ukafungwa.

Sasa wanajenga wapi?

Tuhesabu. Kaskazini kuna hifadhi. Kusini kuna bahari, ambayo inazuiwa isile ardhi kwa vizuizi vya mawe na mbao vilivyopangwa ufukweni na kwa kokoto zinazorudishwa kila zinapohama. Magharibi kuna Sompting. Imebaki mashariki, ile ardhi ya chini ya mtoni, kati ya Mash Barn na uwanja wa ndege.

Huko ndiko Brighton and Hove Albion ilikojenga viwanja vyake vya mazoezi. Na huko ndiko, katika shamba la New Monks Farm, wilaya ilikoidhinisha mwaka 2018 mpango wa nyumba 600 pamoja na duka kubwa la samani la IKEA. Kampuni hiyo ya Sweden baadaye ilijiondoa. Nyumba ziliendelea.

Mpango huo uligawa watu. Waliounga mkono walisema vijana wa Lancing wanahitaji pa kuishi, na kwamba mahali pengine hapapo. Waliopinga walitaja foleni za A27, ambayo tayari hupita nyumba kwa nyumba, na zaidi ya yote walitaja maji. Wanajua wanachosema. Majira ya baridi ya mvua nyingi, mwamba wa chaki unashiba na maji huibuka yenyewe ardhini chini ya kilima, mbali na mto wowote. Maji hayo hutafuta njia ya kwenda baharini kupitia mifereji ya bondeni. Bamvua ikijaa kwa wakati huohuo, milango ya mifereji hufungwa, na maji ya mvua hukosa pa kwenda. Kuta mpya zilizojengwa kando ya Adur katika muongo wa 2010 zinazuia bahari isiingie. Haziwezi kuzuia maji yanayotoka chini ya sakafu.

Hapa ndipo jiografia inapodai haki yake. Kwa miaka zaidi ya 150 Lancing ilipokea watu kwa kula kwanza ardhi nzuri ya tambarare, iliyokuwa ya ngano na nyanya. Ilipokwisha, ikageukia ile ambayo mababu waliiachia ng'ombe kwa sababu nzuri. Bahari nayo inapanda, kwa hiyo kila nyumba inayojengwa bondeni leo ni ahadi kwamba mtu atalipia kuta na pampu muda wote nyumba hiyo itakapokuwa imesimama. Wilaya ndogo kama Adur haina ubavu wa kuitimiza ahadi hiyo peke yake. Itailazimu serikali kuu ya London kuchangia, na London ina pwani nyingine nyingi zinazopiga hodi.

Kuhusu lile jina la kijiji, si sheria inayoizuia Lancing kuwa mji. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972, halmashauri ya kijiji England inaweza kupitisha azimio lake yenyewe na kujitangaza kuwa mji, bila kumwomba mfalme wala bunge, na mwenyekiti wake akaitwa meya. Miji kadhaa yenye watu wachache kuliko Lancing imefanya hivyo. Lancing haijafanya, na bado ina halmashauri ya kijiji.